Mtu Anayezima Akiona Gari

Watu wa bondeni walimwita Bwana Kimya, na walimwita hivyo kwa kumtania, maana mdomo wake haukujua mapumziko. Alianza kuongea asubuhi akiwa bado anatafuta viatu, na alinyamaza usingizi ulipomzidi nguvu. Lakini kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kulinda kimya. Si kimya cha masikio. Mbwa wangeweza kubweka, watoto wakapiga mayowe, fundi wa mabati akagonga nyundo kutwa nzima, naye asingegeuza hata shingo. Kimya chake kilikuwa cha mawimbi ya redio, ambacho binadamu hakisikii wala hakimpunguzii kitu, ila dishi kubwa lililosimama juu ya kilima lilikihitaji kama mgonjwa anavyohitaji usingizi.

Dishi lilijengwa pale kwa sababu vilima viliyazuia mawasiliano ya mjini yasipenye. Waliochagua kubaki bondeni walikubali masharti: simu za mkononi hakuna, majiko ya maikrowevu hakuna, mageti ya rimoti hakuna, na anayetaka kuzungumza na ndugu yake wa mbali atumie simu ya waya iliyopigiliwa ukutani. Wao wakapewa lami na umeme usiokatika ovyo. Wengi waliona wamepata, wachache wakaona wameonewa, na wote kwa jumla yao walikuwa na kitu fulani walichokificha kabatini.

Kazi ya Bwana Kimya ilikuwa kukifuata kitu hicho. Zamani alikuwa fundi redio mjini, na kwa miaka mingi aliishi kwa kuondoa mikwaruzo kwenye redio za watu. Aliposikia kwamba kuna mahali wanamlipa mtu kwa kuitafuta mikwaruzo yenyewe huko inakotoka, alifunga duka. Mke wake, muuguzi, aliweka sharti moja tu: hatahamia mahali ambapo hawezi kumpigia dada yake simu huku anapika. Kwa hiyo walipanga nyumba upande wa pili wa kilima, ambako mtandao ulikuwa tele, na humo Bwana Kimya alifungulia redio hadi vioo vikatetemeka. Alisema kimya ni cha kazini.

Mama yake alibaki bondeni. Nyumba ile aliolewa humo, alizalia humo, na alipoambiwa ahame aliuliza tu nani anahama. Miguu ilikwisha kumgomea, hivyo siku zake alizipitisha chumbani ghorofani, kwenye kiti cha dirishani kinachotazama barabara. Aliishi na bintiye, mdogo wake Bwana Kimya, fundi cherehani aliyekuwa na chumba chake cha kushonea chini. Nyaya za nyumba hiyo Bwana Kimya alizitandika kwa mkono wake, kila moja ndani ya bomba la chuma, na aliitolea mfano mbele ya wakaidi. "Nendeni kwa mama yangu mkaone," alikuwa akiwaambia. "Pale hata nzi akipita na betri nitajua."

Gari alilopewa lilikuwa la dizeli, kwa sababu gari la petroli hutoa cheche kwenye plagi zake, na cheche ni kelele tosha. Lilikuwa kuukuu, halina redio, lina antena ndefu juu ya paa, na mngurumo wake ulitangulia kufika kabla yake. Kila alipopita chini ya dirisha la mama yake alipiga honi, akatoa mkono nje akapunga, akapaza sauti: "Mama, Jumapili nakuja!" Pazia lilisogea, mkono mwembamba ukapunga nao, gari likala kona. Jumapili nyingine alikuja kweli. Nyingi hakuja, na kila mara alikuwa na sababu nzuri.

Mwaka huo mambo yalimfika shingoni kwa sababu ya mtafiti mmoja. Alikuwa mwanamama mwembamba, mdogo kwa Bwana Kimya kwa umri wa kumwita mzee, na wote dishini walimwita Daktari. Mtu wa maneno machache, isipokuwa ukimgusa kwenye nyota zake mbili.

Nyota ya kwanza ilikuwa pulsa. Daktari alikwisha kumweleza Bwana Kimya habari zake mara nyingi, naye akawaeleza watu wa bondeni mara nyingi zaidi, kila mara akitia chumvi yake. Nyota kubwa ikifa, kiini chake hujikunja hadi kikawa tufe dogo ambalo upana wake hauzidi mji mmoja, lakini uzito wake unalishinda jua. Hiyo ndiyo nyota ya nyutroni. Ikiwa inazunguka na kurusha mwali wa redio, na mwali huo ukawa unatupitia huku kwetu, dishi husikia mdundo, na mdundo, na mdundo, kwa mpangilio ambao saa ya mkononi ingeuonea aibu. Nyota ya pili ilikuwa kibete cheupe, masalia ya nyota ya kawaida iliyomaliza moto wake na sasa inapoa taratibu bila kumsumbua mtu. Hizo mbili zilizungukana. Katika kila mzunguko, kibete kilipita karibu kabisa na njia ya ile midundo, na midundo ikachelewa, kwa sababu uvutano wa kitu kizito huipinda njia. Ilichelewa kidogo mno, lakini Daktari alijua kuupima ucheleweshaji huo. Akishaupima, angeujua uzito wa kibete, na kutoka hapo uzito wa nyota ya nyutroni yenyewe. Alishuku kwamba ni nzito kupita kiasi. Nyota ya namna hiyo inaweza kubeba uzito gani kabla haijaporomoka kabisa? Hilo hakuna aliyelijua, na ndilo lililomnyima Daktari raha.

Sasa alikuwa amebakiwa na mpito mmoja wa kibete hicho. Mingine iliangukia wakati nyota hizo zimezama, au kwenye zamu za watafiti wengine. Huu wake ulikuwa wa Alhamisi, kuanzia adhuhuri hadi alasiri. Baada ya hapo dishi lingelazwa kwa matengenezo ya magurudumu yake, na ukiwauliza mafundi litaamshwa lini, walitazama pembeni.

Na karibu kila alasiri, kukawa na kelele.

Ilikuja kwa vipande vifupi vifupi: kipande, kimya, vipande vitatu mfululizo, kimya kirefu, kipande tena. Kwenye kioo cha kompyuta ya Daktari ilionekana kama mtu aliyechana karatasi kwa kisu. Hakuna aliyedhani inatoka mbinguni. Mdundo wa pulsa hufika umetawanyika, mawimbi ya masafa ya juu yakitangulia na ya chini yakifuata nyuma, kwa sababu njia ni ndefu na si tupu. Kelele hii ilifika yote kwa mkupuo. Ilikuwa ya hapa hapa, bondeni.

"Mzee, hii ikija Alhamisi, mimi nimekwisha," Daktari alimwambia.

"Haiji."

"Hata wiki iliyopita ulisema haiji."

"Wiki iliyopita nilikuwa sijakasirika."

Akakaa chonjo. Kila siku baada ya chakula cha mchana alijibanza kwenye kibanda cha mlinzi, pale barabara inapoingia bondeni, akiisubiri simu ya waya. Kelele ilipoanza, walio dishini walimpigia, naye akarukia gari. Jambo lililomtia wazimu ni kwamba kila alipoingia mtaani, kelele ilikoma. Sindano ya mashine yake ya kupimia mawimbi ilicheza njia nzima. Akifika kwenye nyumba za kwanza ilicheza zaidi, mara ikalala chali. Alizunguka mtaa, akapunga mkono kwa mama yake, akazunguka tena. Wapi! Alirudi kibandani, na baada ya muda simu ikalia: imeanza tena.

Mtu mwingine angesema ni bahati mbaya. Bwana Kimya aliyekuwa amewazoea watu wake alisema hapana. "Huyu ananiona," alimwambia mlinzi. "Ana kitu, anakitumia, akiona gari langu anazima. Kisha nikiondoka anawasha. Ananichezea shere mtu huyu."

"Basi atakuwa mtu mwenye dirisha," mlinzi akasema.

"Kila mtu ana dirisha, bwana."

Akaanza kuwapekua. Alianza na mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye heshima zake, ambaye sebuleni mwake palikuwa na meza ndogo iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa chombo cha maua. Bwana Kimya aliyatazama maua, akaitazama meza, akauliza kwa nini meza ina waya wa umeme. Ilikuwa maikrowevu.

"Ni ya kupashia maziwa tu," mwalimu mkuu akasema, uso mkavu.

"Mwalimu, si wewe uliyenichapa kwa kusema uongo?"

"Na ulikoma. Kwa hiyo ilisaidia."

Aliichukua maikrowevu ile. Kesho yake kelele ikaja kama kawaida. Akaenda kwa kinyozi, ambako alikuta mashine ya kunyolea isiyo na waya ndani ya kopo la unga. Akaichukua nayo, na kinyozi akaapa kwamba siku Bwana Kimya atakayoketi kwenye kiti chake ataondoka na nusu ya nywele. Kelele ikaja. Akamvaa fundi wa kuchomelea vyuma, wakatupiana maneno makali hadi majirani wakatoka nje. Mashine ya fundi ilikuwa imeharibika tangu mwezi uliopita. Kelele ikaja siku hiyo pia, tena mfululizo, kwa kumkomoa. Kufikia Jumanne hakuna mtu mtaani aliyemwitikia salamu. Nyumba moja tu hakuielekezea mashine, na hilo halikumjia hata akilini. Mganga gani anajipima homa kwa kuwa mwenzake anakohoa?

Jumatano aliamua kumnasa mtu wake kwa hila. Gari aliliacha nyuma ya tangi la maji. Antena ya mkononi, pamoja na mashine yake, akaitia kwenye mfuko wa nguo chafu, akapita uchochoroni, nyuma ya nyumba, akiruka mtaro na kukwepa kamba za kuanikia. Alitembea kwa kunyata, mtu mzima yule, mwenye kitambi. Alifika nyuma ya kibanda cha kinyozi, akachuchumaa, akaitoa antena, akasubiri.

Kelele ikaanza. Safari hii haikukoma, kwa sababu gari halikuonekana. Alizungusha antena polepole, kushoto, kulia, hadi sindano ikapanda na kubaki huko. Aliinua macho kutazama ilikoelekea. Akaitikisa mashine, akidhani betri zimechoka. Akasogea hadi upande mwingine wa mtaa, maana fundi wa kweli hapimi mara moja, akazungusha tena. Mistari miwili ilikutana kwenye nyumba ya mama yake.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba hitilafu iko kwenye nyaya zake mwenyewe, na kwamba kesho mwalimu mkuu, kinyozi na fundi wa kuchomelea watamcheka hadi walale. Aliingia kwa mlango wa nyuma. Mdogo wake aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, pini mdomoni.

"Kaka! Umekujaje bila mngurumo?"

"Una nini humu ndani kinachotoa mawimbi?"

"Mimi? Cherehani ya kukanyaga na pasi."

"Usinitanie. Nakwambia kuna kitu."

Alizitoa pini mdomoni moja moja, akifikiri. Kisha akavuta mtoto wa meza, akatoa kisanduku cheupe cha plastiki. "Labda hii. Nilimnunulia mama mjini, kengele isiyo na waya. Yeye anabonyeza huko juu, mimi nasikia huku chini. Nilisahau habari za masharti yenu. Lakini kaka, yule mama alinitoa roho! Napanda ngazi mbio, namuuliza una nini, ananiambia nilitaka kujua kama upo. Nashuka, nakaa, anabonyeza. Nina nguo za watu hapa. Nikaitoa betri."

Bwana Kimya akakigeuza kisanduku. Nyuma palikuwa wazi, hamna betri.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Naye hakulalamika, nikajua amesahau."

Alisimama pale na kile kisanduku mkononi, akiitazama sindano ya mashine ikipanda na kushuka. Mama alikuwa anabonyeza. Kengele ile haikulia chumba kile wala chumba kingine chochote duniani. Ilikuwa inalia kwenye dishi tu.

Akapanda ngazi. Mama yake alikuwa kwenye kiti chake, ameupa mgongo mlango, uso kwenye kioo cha dirisha, na dole gumba lake juu ya kitufe. Alibonyeza. Akasubiri, akinyoosha shingo kuitazama kona ya barabara. Akabonyeza tena.

"Mama."

Aligeuka akashtuka, kisha uso ukamkunjuka wote. "Mwanangu! Umepitia wapi? Mbona sijaliona gari?"

"Mama, unabonyeza nini hicho?"

"Hii? Si ya kukuitia wewe?"

"Nani kakwambia ya kuniitia mimi?"

"Hakuna aliyeniambia, nimeona mwenyewe. Mwanzo ilikuwa ya dada yako. Siku moja nilitaka maji, nikabonyeza, nikabonyeza, dada yako kimya. Mara nikalisikia gari lako hilo. Nikasema, loo, kumbe wameihamishia kwake. Nikajaribu kesho yake, ukaja. Ukawa unakuja kila siku." Akacheka, amefurahi kwa kugundua jambo bila kufundishwa. "Nikikuona tu naacha. Nani atakusumbua na kazi zako? Nataka kujua uko mzima, basi."

"Na mbona hukuniita niingie?"

"Wewe unapunga mkono unapita. Nikajua una haraka."

Bwana Kimya alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa ametafuta wiki nzima na zaidi mtu anayeona gari lake akazima. Alimjengea sura mtu huyo, jeuri, mwenye kiburi, anayecheka nyuma ya pazia, na alijiandalia maneno ya kumwambia. Aliona haya, na haya zenyewe hazikuwa za nyaya. Kisha, kwa kuwa kesho ilikuwa Alhamisi, akanyoosha mkono, na mama yake akampa kengele bila ubishi, kama mtoto anayerudisha kitu ambacho siku zote alijua si chake.

Akamweleza, kwa maneno mafupi yasiyo na chumvi, kwamba kengele ile ilikuwa inaingia kwenye dishi na kuzifunika nyota za mtu. Mama alishika shavu. "Nyota! Masikini. Mwambie aniwie radhi."

Siku ile ile alichimba ukuta, akavuta waya kutoka kwenye kiti cha mama hadi chumba cha cherehani, akafunga kengele ya kawaida, ya chuma, inayopiga kelele za masikio tu. Mdogo wake aliapa kutoikata. Maikrowevu na mashine ya kunyolea zilibaki stoo ya dishini, kwani masharti ni masharti, lakini aliwaendea wenyewe mmoja mmoja akawaomba radhi kwa vishindo vyake. Kwa fundi wa kuchomelea alikwenda mara mbili.

"Ilikuwa nini?" Daktari aliuliza.

"Kengele isiyo na waya."

"Nyumba ya nani?"

Angeweza kusema nyumba ya mshonaji, na lingekuwa kweli. "Ya mama yangu," akasema. "Alikuwa ananiita."

Daktari hakucheka. "Mzima lakini?"

"Mzima."

Alhamisi bonde lilitulia. Kibete cheupe kilipita mahali pake, midundo ikachelewa, ikachelewa zaidi, kisha ikarudia mwendo wake, na kwenye kioo hapakuwa na hata mkwaruzo mmoja. Daktari alishinda juma zima akikokotoa, akakokotoa upya kwa njia nyingine, na mwisho akatoka nje akaketi kwenye ngazi juani, mikono magotini. Nyota ya nyutroni ilikuwa nzito hata kuliko alivyoshuku. Alimwambia Bwana Kimya hivyo, na Bwana Kimya alifurahi naye kwa dhati, akalitangazia bonde zima. Dishi likalazwa. Mkuu wa kituo akamsifu mbele za watu kwa kumaliza kelele.

Kelele zikaisha kweli, na zilipoisha hakuwa tena na cha kumpeleka mtaa ule. Akapelekwa upande mwingine wa vilima, ambako mfugaji mmoja alikuwa amezungushia uzio wa umeme, na uzio huo ulimlia siku zake. Jumapili ya kwanza gari lilikuwa gereji. Ya pili mke wake alikuwa zamu, na yeye alibaki na nyumba. Ya tatu hata sababu hakuitafuta, alilala tu.

Ilikuwa siku ya kazi, alasiri, akitoka kwenye uzio, alipofika njia panda na badala ya kunyoosha kwenda kwake akakata kuingia bondeni. Mtaa ulikuwa umetulia. Alipokaribia nyumba, mkono ulikwenda wenyewe kwenye honi, akaurudisha.

Mama alikuwa dirishani. Alikwisha kuusikia mngurumo kitambo, na dirisha alikwisha kulifungua. Aliinua mikono yote miwili juu, viganja wazi, ili mwanawe aione kwamba haina kitu.

"Leo sijabonyeza chochote, mwanangu! Haki ya Mungu sijabonyeza!"

"Najua, mama," akasema, akazima gari.